Wastaafu wa Chumba cha Panya

Siku hizi mtu akikaa kazini mwaka mmoja anaitwa mzoefu, na akimaliza miwili anapewa cheti cha kutundika ukutani. Shemeji yangu, mke wa marehemu mdogo wangu, alishika panya kwa miaka ishirini na saba katika taasisi moja ya utafiti wa chanjo, na cheti alichopata ni jina la utani. Walimwita Mama Panya. Hakulikataa. Alisema wapo watu wanaoitwa waheshimiwa ambao hawajawahi kulisha kiumbe hata kimoja.

Naandika habari zake kwa sababu kazi ile haipo tena. Chumba chake nimekiona hivi karibuni. Kimejaa vizimba vya plastiki vinavyopulizwa hewa na mashine, na msimamizi anakaa nje ya mlango akitazama kioo cha kompyuta. Nilimuuliza atajuaje kama panya mmoja ameamka vibaya. Akanijibu bila kugeuka kwamba mfumo utamwambia.

Shemeji hakuambiwa na mfumo wowote. Aliajiriwa kama mfagizi. Siku moja panya alitoroka, wasomi wakapanda juu ya viti, yeye akaweka ufagio chini, akainama, akamwokota kama mtu aokotaye kijiko. Profesa wa zamani, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimwona. Kesho yake akamwambia aache kufagia.

Alimfundisha yeye mwenyewe, na hakumfundisha kwa karatasi. Kwanza mkono: unamshika panya kwa ngozi ya kisogo, kwa kidole gumba na cha shahada, mkia unaubana kwa kidole kidogo, mpaka mwili wake ulale katika kiganja umenyooka kama penseli. Kisha sindano ya kunyweshea, ambayo ni butu na ina kichwa cha mviringo. Unaipitisha juu ya ulimi, unafika kooni, halafu unangoja. Hapo ndipo wengi wanaposhindwa. Wanasukuma. Ukisukuma, dawa inaingia mapafuni na panya amekwenda. Ukingoja, yeye mwenyewe anameza, na sindano inashuka bila nguvu. Kwanza anapewa maji ya kuzima asidi ya tumbo, ili chanjo isiunguzwe kabla ya kufika kwenye utumbo, kisha chanjo yenyewe, tone moja dogo. Shemeji alinywesha panya mia na arobaini kwa asubuhi moja, na jioni wote walikuwa wakila.

Profesa alikuwa na desturi moja ambayo haikuandikwa popote. Kila jaribio likiisha, panya wote wanauawa ili wapimwe, isipokuwa wawili. Hao wawili aliwaita wastaafu. Waliwekwa katika rafu ya chini kabisa, na kadi ya kizimba chao iligeuzwa, maandishi yakatazama ndani. Kadi iliyogeuzwa maana yake: hawa kazi yao imekwisha, walishwe mpaka siku zao zitimie. Watu walidhani ni huruma ya uzee. Shemeji alipomuuliza, alijibu kwamba utafiti unaowaua mashahidi wote siku moja hauwezi kuulizwa swali la pili.

Profesa akastaafu mwenyewe, akafa. Akaja Daktari.

Sitamsingizia. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haraka, na mimi sijui ubaya gani mwingine duniani umeharibu mambo mengi kuliko huo. Alibandika mlangoni karatasi ya maagizo, na agizo moja lilisema kila kundi la panya limalizwe siku ya kumi na nne baada ya tone la mwisho, pasibaki hata mmoja. Nafasi ni ndogo, maranda ya kutandikia vizimba yanaisha, chakula kinaliwa bure. Wafanyakazi wote wakatia saini kwamba wamesoma. Shemeji naye akatia saini kwamba amesoma. Alisoma kweli. Kisha akaendelea kuwaweka wastaafu wake wawili wawili katika rafu ya chini, nyuma ya magunia ya maranda, kadi zimegeuzwa.

Sasa lazima nieleze Daktari alikuwa anatafuta nini, maana bila hilo hamtaona uzito wa yaliyofuata. Mimi sikukaa darasani zaidi ya miaka minne, lakini nilikwenda maktaba nikakaa na kitabu kimoja miezi miwili, kamusi pembeni. Seli za kinga, wale askari wa mwili, husafiri ndani ya damu. Damu inakwenda kasi. Askari akitaka kushuka mahali fulani ni lazima ajishike ukutani, la sivyo atapitishwa na mkondo mpaka azunguke mwili mzima bure. Kwa hiyo juu ya ngozi yake ana molekuli za kujishikiza, na kuta za mishipa nazo zina zao za kupokea. Zikikutana, askari anabiringika ukutani, anapunguza mwendo, anakwama, anapenya. Ajabu yenyewe ni kwamba askari aliyefunzwa utumboni hupewa aina ya molekuli inayoshika vizuri kwenye mishipa ya utumboni. Aliyefunzwa kwa sindano ya mkononi hupewa nyingine, na utumboni huwa hashuki kirahisi. Ndiyo maana kwa baadhi ya maradhi ya tumbo watu wanahangaika kutafuta chanjo ya kupitia mdomoni.

Daktari aliziita molekuli hizo kwa herufi na namba. Shemeji aliziita kulabu, na baada ya mwaka hata Daktari akawa anasema kulabu.

Alikuwa akitengeneza chanjo ya matone dhidi ya kuhara. Ili athibitishe kwamba nguvu yake yote inategemea kulabu ile ya utumboni, alizalisha panya wasiokuwa nayo. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: panya wa kawaida wakipewa matone, kinyesi chao baada ya siku kumi na nne kitakuwa na kingamwili, dalili kwamba askari wameshuka utumboni. Wasio na kulabu wakipewa, hakitakuwa na kitu. Makundi mengi yalimtii. Kundi la saba halikumtii. Kutoka kizimba kimoja cha kundi hilo la wasio na kulabu, kinyesi kilikuja kimejaa kingamwili tele, kana kwamba panya wale hawakupungukiwa na chochote.

Ripoti kwa wafadhili ilitakiwa Ijumaa. Kundi la saba lilikuwa kama mwiba kooni. Kulitoa kulihitaji sababu iliyoandikwa na kutiwa saini, na sababu iliyokuwa karibu zaidi ilikuwa na umri wa miaka hamsini na saba na ilivaa viatu vya mpira.

Wakamwita ofisini. Walikuwapo Daktari, ofisa utumishi, na binti mmoja aliyekuwa akisomea shahada yake pale, ambaye ndiye aliyekusanya kile kinyesi. Shemeji hakupewa kiti. Daktari aliongea kwa upole, na ni ule upole uliomchoma, kwa jinsi alivyonisimulia. Alimweleza kwamba bila shaka siku moja wakati wa kusafisha alirudisha panya wa kawaida katika kizimba cha wasio na kulabu. Jambo dogo. Angepewa onyo, na miaka mitatu iliyobaki angeimaliza salama.

"Hakuna anayekulaumu, mama," akamwambia. "Macho nayo huchoka. Tia saini hapa, tuendelee na kazi."

Shemeji hakuishika kalamu. Alimgeukia binti akamuuliza kizimba kile alikitoa rafu ipi. Binti akasema ya chini, nyuma ya magunia. Akaongeza, kwa namna ya mtu anayetaka kuonekana mwangalifu, kwamba kadi yake ilikuwa imegeuka, akaiweka sawa.

Hapo Shemeji akajua kila kitu. Binti alikuwa na miezi minne tu pale, hakuna aliyewahi kumweleza kadi iliyogeuzwa ina maana gani, naye alidhani imeanguka vibaya; kadi yenyewe ilionyesha ukoo tu, bila tarehe. Alichukua kinyesi cha wastaafu akakiweka pamoja na cha panya wa siku kumi na nne.

Angeweza kunyamaza. Fikirini vizuri. Akitia saini, anabaki kazini na onyo. Akisema kweli, anajishtaki kwa kuvunja agizo alilolitilia saini, na kwa hilo barua ya kufukuzwa ipo tayari. Mimi nawajua wanaume wenye masharubu ambao wangeishika ile kalamu kabla haijapoa. Yeye aliona jambo moja tu: miaka ishirini na saba, na watu wataandika kwamba hawezi kumtambua panya wake.

"Sikuchanganya," akasema. "Nilificha."

Akawaeleza. Panya wale hawakupata matone wiki mbili zilizopita, walipata wiki tisa zilizopita. Ni wastaafu. Amekuwa akiwaweka tangu zamani, na tarehe zao zote anazo.

Daktari akamuuliza kama anakiri kwamba amevunja agizo. Akasema anakiri. Akamuuliza, sasa upole umepungua, kama anataka yeye aamini kwamba panya wasio na kulabu wamejijengea kinga ya utumbo wenyewe, eti kwa sababu wamezeeka.

"Sitaki uamini," Shemeji akajibu. "Wana masikio. Yakate upime."

Kipande kidogo cha sikio hutosha kuonyesha panya ni wa ukoo gani. Lakini dawa za kipimo hicho zilikuwa zimekwisha, zingekuja baada ya wiki kadhaa, na Ijumaa haingoji masikio. Daktari akaagiza wastaafu wote wamalizwe siku ileile.

Shemeji akatoka. Wote walidhani amekwenda kutii. Akarudi na kizimba amekikumbatia kifuani, akakiweka juu ya meza ya Daktari, juu ya ripoti yenyewe, akafungua kifuniko.

"Waue wewe," akamwambia. "Unajua kuwashika?"

Panya mmoja akasimama kwa miguu ya nyuma akainusa hewa ya ofisi. Daktari akasogeza kiti nyuma. Ofisa utumishi akapata jambo la kutazama dirishani. Yule binti akasimama, akafunga kifuniko, akasema atawashughulikia. Daktari alimshukuru. Hakumuuliza atawashughulikia vipi, na binti hakusema.

Shemeji hakutia saini. Barua ya kumwachisha kazi ilitoka siku mbili baadaye, sababu ni ukaidi. Hiyo haikumsumbua, ukaidi ni wake, alizaliwa nao, mdogo wangu angeweza kushuhudia. Kilichomsumbua ni kwamba ripoti ilikwenda bila kundi la saba, na katika daftari la makosa la chumba cha panya, kwa mwandiko wa Daktari mwenyewe, pakaandikwa: kundi la saba limeondolewa, panya walichanganywa na mtunzaji. Aliyeliona akamletea habari. Siku hiyo hakula.

Nilikwenda kumtembelea. Alikaa katika vyumba viwili nyuma ya karakana ya mafundi seremala, na alikuwa ameosha kila kilichoweza kuoshwa, hata mkaa nadhani. Nikamwambia, "Shemeji, hapa umejipalia makaa."

"Makaa ni yangu," akasema. "Wewe umekuja kuota moto?"

Binti yake mkubwa, ambaye ni mwalimu, alimsihi aende kuomba radhi. Alimweleza kwamba Daktari si mtu wa kinyongo, neno moja tu na atarudishwa. Shemeji akamuuliza aombe radhi kwa lipi. Kama ni kwa kuficha, yuko tayari, aliwaficha kweli na angewaficha tena. Kama ni kwa kuchanganya, basi wamwombe radhi kwanza panya. Mwalimu akaniangalia mimi kama mkubwa wa ukoo nimsaidie. Nilitazama miguu yangu. Mimi nilitumika kiwanda cha uchapaji miaka thelathini nikipanga herufi za risasi kwa mkono, na siku walipoleta mashine nilitia saini kila karatasi waliyonipa. Sikuwa na la kumfundisha mtu.

Miezi mitatu na nusu ikapita. Aliwashonea watu mapazia, akagombana na maseremala kuhusu vumbi, akawasomea magazeti ya zamani. Akatokea yule binti.

Alikuja na begi mgongoni, amekonda. Hakukaa mpaka alipomaliza kusema. Dawa za kipimo zilipofika alikata masikio ya wale wastaafu wawili, ambao alikuwa amewaficha katika chumba cha darubini nyuma ya masanduku. Alipima mara mbili. Wote wawili hawakuwa na kulabu. Panya hawakuchanganywa. Kisha, kwa kuwa ukaidi unaambukiza, aliwanywesha matone wengine wasio na kulabu, wengi wakamfia mkononi, lakini waliobaki aliwapima kila wiki bila kumwambia mtu. Wiki ya pili, hamna kitu. Wiki ya tano, kidogo. Wiki ya tisa, kinyesi kimejaa kingamwili.

Alilieleza hivi, nami nikamwelewa kuliko kitabu changu: askari waliokosa kulabu ile hawakukata tamaa. Wana kulabu nyingine dhaifu, si za utumboni hasa, lakini zinashika kidogo. Wengi wanapitwa na mkondo, mmoja anapata pa kushika, kesho mwingine. Mlango mkubwa umefungwa, wanapita uani mmoja mmoja. Anayehesabu siku ya kumi na nne anaona nyumba tupu. Anayengoja anakuta imejaa. Akasema panya si mtoto, na hajui kama kwa watoto iko hivyo, lakini wapo watoto wengi ambao matone kama yale huonekana hayawashiki, na angependa kujua kama kuna mtu aliyewahi kuwangoja.

Halafu akalia, kwa ajili ya ile kadi.

"Kugeuza kadi si dhambi, mwanangu," Shemeji akamwambia. "Ungeuliza tu. Kaa unywe maji. Hao waliokufa, ulisukuma?"

Binti akakubali kwa kichwa kwamba alisukuma. Shemeji akachukua limau dogo na kalamu, akamwonyesha tena mkono, palepale mkekani.

Wiki iliyofuata Daktari akaja mwenyewe, kwa gari, akaliacha mbele ya karakana na maseremala wakalivumbisha. Nilikuwapo. Alikuwa mtu mwingine, mwenye furaha ya aliyeokota dhahabu aliyoitupa mwenyewe. Alisema jambo hili ni kubwa, litachapishwa, lakini lazima lirudiwe kwa makundi yote, kila wiki mpaka ya kumi na mbili. Na mtu aliyewekwa chumbani badala ya Shemeji ameua panya kumi na mmoja katika wiki moja kwa ile sindano. Barua ya kumrudisha kazini alikuwa nayo mfukoni. Jina la Shemeji, akaongeza, lingewekwa katika shukrani mwishoni mwa makala.

Shemeji aliichukua barua akaisoma mpaka mwisho, akaikunja, akamrudishia.

"Shukrani zako zitasomwa na watu nisiowajua," akasema. "Kwenye daftari la makosa umeandika nimechanganya, na pale wananijua. Futa pale kwanza."

Daktari akasema hayo yamepita. Akasema daftari ni waraka rasmi, halifutwi ovyo, ila anaweza kuongea na watu kwa mdomo. Shemeji akamwambia kwamba alipoandika hakuongea kwa mdomo. Yule bwana akanigeukia mimi, mzee mwenzake mwanamume, nimtie shemeji yangu akili. Safari hii sikutazama miguu. Nilimwambia kwamba kama panya kumi na mmoja hawatoshi, anaweza kungoja wafike ishirini.

Alikwenda. Siku tatu baadaye wakamletea gari mpaka mlangoni.

Mimi sikuruhusiwa kuingia chumba cha panya, nilibaki kizingitini, lakini nilisikia na kuona. Wafagizi walikuwapo, fundi wa mitambo, ofisa utumishi, yule binti. Daktari alifungua daftari mezani, akavuta mstari juu ya sentensi yake ya zamani, akaandika mpya chini yake. Shemeji alivaa miwani akasoma kwa sauti, neno kwa neno, ili kila mtu asikie: "Inaonekana panya wa kundi la saba hawakuchanganywa na mtunzaji."

Akamrudishia kalamu.

"Toa hilo la mwanzo," akasema.

Daktari akamweleza kwamba ndivyo wanasayansi wanavyoandika, kwamba hakuna anayesema jambo moja kwa moja. Shemeji akasema Daktari alipoandika kwamba yeye amechanganya aliliandika moja kwa moja, wala hapakuwa na inaonekana. Mfagizi mmoja akakohoa kuficha kicheko. Daktari akainamia daftari. Kisha akalikata lile neno, akaweka tarehe na saini pembeni.

Shemeji akasoma tena kimoyomoyo. Akafunga daftari, akaenda kwenye sinki, akanawa mikono mpaka viwiko. Akamwomba binti ampe kizimba cha kwanza, akaingiza mkono, na panya akatoka amelala kiganjani amenyooka. Sindano ikapita juu ya ulimi, ikafika kooni, ikasimama. Daktari alikuwa bado pale, akaanza kusema jambo kuhusu ratiba.

"Nyamaza kidogo," Shemeji akamwambia bila kuinua macho. "Anameza."